Tovuti ya Asali Niliyoimiliki Bila Kuiona

Nimekabidhi funguo za ofisi wiki iliyopita, na tayari wenzangu mliobaki mmenipigia simu mara nne kuuliza faili fulani liko wapi. Kwa kuwa mmeanza kuuliza, acha niwaandikie na yale ambayo hamkuuliza. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini sitazigusa. Hizo mnazisimuliana vizuri sana bila msaada wangu. Ninataka kuwaandikia jinsi nilivyopata kuwa mwenye tovuti katika miaka ya tisini, Kasulu ikiwa inaendeshwa kwa jenereta na taa za chemli, na jinsi nilivyohangaika kuchagua mahali pa kuiweka na vitabu vya kunifundisha kuifanyia biashara. Hadi leo nikilikumbuka jambo hilo moyo unanienda mbio.

Nilianza kazi Kibondo, mpiga chapa kwenye ofisi ya serikali. Siku ya kwanza nilipewa mashine ambayo herufi ya K ilikuwa imekatika. Barua zote zilitoka zimeandikwa "ibondo", na mimi nikawa naziongezea K kwa kalamu, moja moja, hadi jioni. Bosi wangu, mtu wa Tanga aliyehamishiwa kwetu na ambaye hakuwahi kuizoea baridi, alinitazama akasema, "Binti, wewe una subira. Utafika mbali." Nilifika mbali kweli: mwaka wa pili walinipa mashine yenye K lakini haina koma.

Kisha wakimbizi wakaingia kwa wingi, kutoka Burundi na baadaye Kongo, na mashirika yakaja na magari yenye antena ndefu kama fimbo za kuvulia samaki. Shirika moja la Kibondo liliniajiri kwa sababu nilikuwa naandika bila kutazama vidole. Siku ya kwanza mbele ya kompyuta niliogopa kuizima, nikidhani nitaifuta. Nikakaa nayo hadi fundi wa mawasiliano, kijana wa Ulaya aitwaye Erik, akaja kuniuliza kwa nini siendi nyumbani.

Erik ndiye aliyenifundisha. Alikuwa na simu ya setilaiti kwenye sanduku, na siku moja baada ya kutuma taarifa za ofisi alisema, "Skola, njoo nikuonyeshe kitu." Ilikuwa ukurasa wa intaneti. Neno tovuti nilikuwa sijalisikia bado. Picha ilishuka mstari mmoja mmoja kutoka juu. Nilikwenda kunywa chai, nikarudi, nikakuta mtu aliyemo pichani amefika kiunoni. Alikuwa mkulima wa kijijini kwao Erik, anauza jibini.

"Kijiji chao kikubwa?" nikauliza.

"Hapana. Hata kijiji chetu cha Gwarama hapa jirani ni kikubwa zaidi."

"Sasa nani anamwona huyu?"

"Wewe," alisema Erik. "Wewe unamwona sasa hivi, na uko Kibondo."

Sikulala vizuri wiki nzima. Mtu wa kijiji kidogo kuliko Gwarama anaonekana Kibondo! Basi na mtu wa Gwarama anaweza kuonekana kokote. Na mtu wa Gwarama niliyemfahamu alikuwa Yohana Ruhaza, mrina asali. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi wakiwa wamembeba mgongoni. Tulisali naye kanisa moja pale Kibondo. Alikuwa amekusanya warina wenzake wakawa kikundi, na asali yao nzuri ya msituni iliishia kwa wapika pombe na kwa wasafiri waliosimama barabarani kutengeneza tairi. Siku tairi zisipopasuka, hakuna biashara.

Nilimweleza Yohana. Alinisikiliza, akacheka hadi akakohoa. "Yemwe, jamani Skola! Niuze asali kwa mtu asiyeionja?"

"Ataiona kwanza. Akishaiona, atakuja kuionja."

"Ego," alisema, ile ndiyo ya mtu anayetaka uondoke.

Erik alinitengenezea ukurasa wa asali kwenye kampuni moja ya ng'ambo iliyokuwa inatoa nafasi bure. Mkataba wake ulipokwisha aliniachia disketi yenye picha ya mzinga wa Yohana, na karatasi alizochapisha zinazoeleza namna ya kuandika kurasa kwa zile alama za mabano yenye pembe. Mkataba wangu nao ukaisha, na shirika lilipouza vifaa vyake vya zamani nilinunua kompyuta moja, nikahamia kwetu Kasulu, nikafungua ofisi ya kuchapa barua. Kwa hiyo mnielewe vizuri: nilikuwa na tovuti, na nilikuwa na kompyuta, na hivyo viwili havikuwa na njia yoyote ya kukutana. Hapakuwa na intaneti Kasulu. Simu yenyewe ilikuwa ya kupitia kwa opereta, na opereta wetu alikuwa akipenda kusikiliza.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta vitabu. Sokoni kulikuwa na muuza vitabu vya mitumba, anavitandaza kwenye turubai pembeni ya viatu. Nilichagua cha biashara kilichong'aa kuliko vyote, chenye picha ya bwana aliyevaa tai anayecheka na meno yote. Nilikisoma kwa kamusi, nikapigia mistari mambo mawili: usilipie unachoweza kupata bure, na mwambie mteja kwamba bidhaa yako ni namba moja. Nilifurahi sana. La kwanza nilikuwa nimeshalitimiza bila kujua.

Na kweli, miezi michache baadaye ikaja barua kwenye sanduku la posta, kutoka kwa mfanyabiashara wa Mombasa. Ameuona ukurasa wetu, anataka kujua kama tuna asali ya kutosha kujaza gari dogo. Niliisoma nikiwa nimesimama posta, nikaisoma tena barabarani, nikakanyaga dimbwi hadi kwenye kifundo cha mguu. Siku ya soko nilimtumia ujumbe Yohana. Hakucheka tena. Kikundi kizima kilikusanya madebe, wakayaleta Kasulu kwa lori la maharage, tukayapanga kwenye stoo yangu hadi darini. Nilimjibu yule wa Mombasa kama kitabu kilivyosema: tunayo, ni asali namba moja, njoo.

Jibu lake lilichukua muda. Lilikuwa fupi. "Nilitaka kumwonyesha mwenzangu ukurasa wenu kabla ya kufunga safari. Tumetafuta, hatukukuta kitu. Nimeona nisihatarishe gari."

Nilipanda gari kwenda Kibondo, nikamwomba mtu wa ofisi yangu ya zamani atazame. Akatazama. Ukurasa haukuwepo. Kampuni ya bure ilikuwa na sheria ya kufuta kurasa zisizoguswa na mwenyewe kwa muda fulani, na mimi sikuwahi kuugusa, nitaugusaje? Hapakuwa na mtu wa kumwandikia wala anwani ya kulalamikia.

Yohana alikuja mwenyewe kusikia habari. Alisimama mlangoni mwa stoo akiyatazama madebe.

"Ulituambia dunia nzima itaiona," alisema. "Sasa imekwenda wapi?"

"Imefutwa."

"Nani amefuta?"

"Sijui, Yohana. Hana jina."

Alitikisa kichwa. "Wenzangu wataniuliza. Niwaambie nini? Niwaambie mtu asiye na jina amefuta asali yao?" Hakupaza sauti, na hilo liliniuma zaidi. Alisema atarudi kuyachukua madebe mvua zikipungua, kwa sababu barabara ya kwao ilikuwa haipitiki. Kumbe ile barabara mbovu ndiyo iliyonipa nafasi.

Wakati huo nilikuwa na msaidizi, Mama Bea, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu. Alikuwa sekretari Bukavu kabla ya vita. Siku alizopata kibali cha kutoka kambini alikuja kuniandikia barua za Kifaransa za wateja wa kambini, na vidole vyake vilikuwa na kasi kuliko vyangu, jambo ambalo sikumwambia mpaka nilipomzoea. Alikikuta kile kitabu changu mezani, akakifungua, akakifunga.

"Dada Skola, ile kitabu haina ukurasa moja ya mutu mwenye alishindwa," alisema. "Kila mutu mule ndani ameshinda. Watu wa namna ile wanaishi wapi?"

"Kinasema nisilipie cha bure."

"Bure iko muzuri siku ya kwanza. Siku ya kulalamika, utalalamika kwa nani?"

Alikuwa amesema kile kile kilichokuwa kinaniumiza.

Tulikwenda wote kwenye turubai la muuza vitabu. Mama Bea alichuchumaa akaanza kuvifungua kimoja kimoja, si mwanzo wala mwisho, bali katikati, akitafuta sura ya mambo yanayoharibika. Vingi havikuwa nayo. Hatimaye akainuka na kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, kilichokuwa kinatumika kuzuia turubai lisipeperuke. Kilihusu biashara ya kuuza kwa njia ya posta, cha zamani hata kabla ya kompyuta. "Voila," alisema. "Huyu amepotezewa mizigo, ameibiwa, amerudishiwa bidhaa. Huyu anajua kitu." Muuza vitabu alitutazama kama wendawazimu, akaenda kutafuta jiwe la kuweka mahali pake.

Mchana, kazi zikipungua, Mama Bea alisoma kwa Kifaransa na kunieleza kwa Kiswahili chake, nami nikiandika kwenye daftari. Mwandishi alisema mambo mawili niliyoyashika. Kwanza, kabla ya kufanya kazi na msafirishaji yeyote, muulize ni nini kitatokea mzigo ukipotea, na usikilize anavyojibu. Pili, mteja asiyekuona atakuamini ukimwambia mwenyewe kasoro ya bidhaa yako kabla hajaigundua. Nilimkatiza hapo: kompyuta ya kampuni ya tovuti ni msafirishaji tu! Niliruka kutoka kwenye kiti. Mama Bea akashika chupa ya chai isianguke.

Nilipata anwani za kampuni tatu za Dar es Salaam zilizokuwa zimeanza kazi ya kuhifadhi kurasa za watu, ile ambayo nyinyi mnaita kuhosti kana kwamba ilikuwepo tangu Adamu. Nikaziandikia zote barua moja ile ile. Sikuuliza habari za kasi wala nafasi, maana nisingeelewa jibu. Niliuliza hivi: kurasa zangu zikipotea, nani atanijibu, kwa muda gani, na nakala itakuwa wapi? Tena nikaongeza kwamba niko Kasulu, sina intaneti, na nitatuma kazi kwa disketi.

Kampuni ya kwanza haijajibu hadi leo. Ya pili ilituma kijitabu cha rangi chenye picha ya dunia iliyozungushiwa mwanga, na swali langu halikuguswa. Ya tatu ilikuwa ndogo kuliko zote, na jibu lilikuja kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari, limesainiwa na fundi aitwaye Zuhura.

"Zikipotea nitazirudisha mimi," aliandika. "Disketi yako nitaiweka kwenye droo ya meza yangu, na nakala nyingine ndani ya mashine. Siku nikisafiri nitakuandikia kabla. Lakini dada yangu, usitume disketi moja. Tuma mbili, kwa njia mbili. Moja itafika imekufa."

Nilimsomea Mama Bea. Akasema, "Huyu." Nami nilikuwa nimeshasema "huyu" kabla yake, ila yeye alisema kwa sauti.

Nikaziandika kurasa upya kwa karatasi za Erik, jenereta likiunguruma nje. Siwezi kuwaeleza raha niliyoipata. Nilikuwa naandika alama ambazo sikuwa na uhakika nazo, kwa ajili ya ukurasa nitakaoutazama kwenye kompyuta yangu tu, huku watu wa mahali nisipopajua wakiuona vile vile. Kwenye maelezo ya asali niliandika kasoro yetu: baadhi ya madebe yana ladha ya moshi, kwa sababu warina wengine wanatumia moshi mwingi kufukuza nyuki, uliza kabla ya kununua, tutakutenganishia.

Yohana alipopita kutazama barabara nilimsomea. Alikasirika sana. "Unatutangaza kwamba tuna asali mbaya? Mbele ya dunia nzima?"

"Si mbaya. Ina moshi."

"Oya, hapana! Futa hiyo."

"Sifuti," nikasema. Nilijua madebe yalikuwa yao na aibu ya mara ya kwanza ilikuwa yangu. "Mara ya kwanza nilisema sisi ni namba moja. Mtu wa Mombasa hakutuamini kiasi cha kuwasha gari. Nipe mara hii moja. Asipokuja mtu, lori la kurudisha madebe nitalitafuta mimi."

"Ukitafuta wewe lori, nitakuja kupakia," alisema, akaondoka. Nilielewa kwamba amekubali.

Disketi ya kwanza nilimpa mwalimu aliyekuwa anakwenda likizo Dar es Salaam kwa treni ya Kigoma. Ya pili niliipeleka posta, nimeizungushia kitambaa ndani ya kopo la majani ya chai. Zuhura aliandika baadaye kwamba ile ya mwalimu ilifika imekufa kabisa. Mwalimu alikuwa ameiweka mfuko mmoja na redio yake, juu ya spika, na sumaku yake ikaifuta. Ile ya kopo ilifunguka mara ya kwanza, ila ofisi nzima ilinukia chai.

Halafu tukasubiri. Mvua zikapungua. Barabara ya Gwarama ikaanza kupitika, na kila lori lililosimama karibu na ofisi yangu nilidhani ni la Yohana amekuja kuchukua mali yake.

Siku moja asubuhi ilisimama pikapu nyeupe yenye matope hadi madirishani. Akashuka mtu mnene mwenye kofia, amechoka, mkononi ana karatasi zilizokunjwa.

"Shikamoo mama. Natoka Arusha. Ofisi ya asali ya msituni ni hapa?"

Nilipaswa kuitikia marahaba. Nilipaswa kumkaribisha kiti. Mimi nilikuwa naitazama ile karatasi. Ilikuwa ukurasa wangu, umechapishwa. Kichwa changu cha habari, katikati, kwa herufi nene kama nilivyotaka. Mahali pa picha ya mzinga palikuwa na kiboksi kitupu chenye alama ya msalaba, lakini maneno yote yalikuwepo, moja baada ya jingine, yametoka kwenye disketi ndani ya kopo la chai, yamefika Arusha kwa mtu huyu, na yeye ameyarudisha mlangoni kwangu.

"Mama?" alisema yule bwana.

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Karibu! Mama Bea, njoo uone! Njoo!"

Mama Bea alikuja, akaona, akaanza kupiga makofi na kucheza pale pale kati ya meza mbili. Yule bwana alirudi hatua moja nyuma. Labda alidhani amefika mahali pa ibada.

Tulimwita Yohana, alikuwa soko la Kasulu siku ile, Mungu mkubwa. Mnunuzi alionja debe moja moja kwa kijiti, kimya, akiyagawa upande huu na ule. Yale ya moshi aliyajua kwa kunusa tu. Yohana alikuwa anasubiri yaanze kutumika kupunguza bei ya yote, nilimwona amekunja mikono kifuani. Lakini bwana yule alipomaliza alisema, "Haya mengine ninachukua yote. Na haya ya moshi nitachukua mawili, nina mteja wa hoteli anayependa."

Yohana akashindwa kuvumilia. "Bwana, ulikuwa umesoma kwamba yana moshi?"

"Ndiyo."

"Na bado ukaendesha gari hadi huku?"

"Nimewaandikia watu wengi wa asali," alisema. "Kila mmoja asali yake ni namba moja. Ninyi tu ndio mlioniambia kilicho kibaya. Nikasema, hao wakiniambia kizuri nitawaamini."

Yohana alinigeukia. Hakusema samahani, hilo si lake. Alisema, "Skola, andika na lile la nta. Nta yetu nayo ina takataka kidogo." Tukacheka sote hadi mnunuzi akacheka bila kujua sababu.

Baada ya pale kikundi kiliacha moshi mwingi, kwa hiari yao, na mnunuzi akawa anarudi kila msimu. Mama Bea alibaki nami hadi familia yake ilipopata kwenda nchi ya mbali. Kile kitabu kisicho na jalada nilimpa yeye, ingawa nilikilipia mimi.

Mwisho wa muongo ule nilipanda treni kwenda Dar es Salaam. Nilikuwa na shughuli nyingine ya kifamilia, lakini nilitoka stesheni nikaenda moja kwa moja kumtafuta Zuhura. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vyombo. Nilimtarajia mama wa makamo. Alikuwa msichana mwembamba mwenye ushungi, mdogo kuliko mimi kwa miaka kumi. Tulikumbatiana kama ndugu. Akavuta droo, nikaziona disketi zangu zimepangwa kwa mpangilio, kila moja na karatasi yake.

"Hujawahi kuiona ikiwa kwenye intaneti?" aliuliza.

"Kwenye karatasi tu."

Akanikalisha kwenye kiti chake, akaandika anwani. Modemu ikalia. Kichwa cha habari kikashuka. Halafu, taratibu, mstari kwa mstari, mzinga wa Yohana ukatokea kwenye tawi, picha nzima, na nyuma yake miti ya Gwarama. Nilishika mdomo.

"Unaonaje?" Zuhura aliuliza.

Nilitaka kusema jambo kubwa. Nikasema, "Neno 'warina' nimekosea. Nimeandika 'warini'."

"Basi rekebisha. Kiti ni chako."

Nikafuta ile i, nikaandika a. Zuhura akanionyesha pa kubonyeza. Nikabonyeza, akaniambia nifungue upya, nikafungua, na neno lilikuwa sahihi. Bila disketi, bila treni, bila kopo la chai. Nilifungua upya mara ya pili, na mara ya tatu, na kila mara lilikuwa bado sahihi, nami nikawa nacheka peke yangu huku machozi yanatoka.

Zuhura aliuliza kama nataka anichapishie nakala niende nayo Kasulu.

"Hapana," nikamwambia, nikakisogeza kiti karibu na meza. "Nionyeshe namna ya kuongeza ukurasa."